Nyumba Namba Sitini na Tatu Yenye Usukani

Wenzangu wa Kitete, hapa Tabora, kila anayekuja kwangu kuazima ungo huzunguka gari, husimama upande wa kushoto, kisha huuliza: "Kabula, mbona gari lako lina namba ya nyumba?" Nimeeleza mpaka koo limekauka, na kila nikieleza mtu hunikatiza kabla sijafika Itigi. Basi naandika. Asomaye hawezi kunikatiza.

Kwanza kwa wale ambao hawakumjua marehemu. Mume wangu Lukas alikuwa dereva wa wapima barabara. Mpimaji mmoja Mwingereza, alipofungasha kurudi kwao mwaka wa Uhuru, alimwachia lori lake kuukuu ambalo alikuwa amelijengea nyumba mgongoni: kuta za mbao na bati jepesi, kitanda, kabati, jiko la mafuta ya taa, madirisha mawili yenye mapazia. Tuliishi humo kambi hadi kambi. Humo nilijifunza kuendesha, humo niliharibikiwa mimba mara mbili, na humo Lukas aliniaga kifua kilipomshinda, tukiwa Dodoma. Mtoto hatukujaliwa.

Tulikuwa bado tumekaa chini msibani pale shemeji yangu Maganga, mdogo wa marehemu, alipowaambia wazee kwamba gari ni mali ya ukoo.

"Mwanamke asiye na mtoto anarithi nini?" alisema. "Halafu hilo si gari. Gari ni kitu kinachokwenda. Usukani wake umelegea mpaka marehemu mwenyewe alikuwa akiliogopa. Tutalipakia kwenye treni, na Tabora nitalikata. Mabati yatafaa kuezekea duka langu."

Alikuwa anazungumzia nyumba yangu, wenzangu. Sikuwa na nyingine, wala sina mpaka leo. Nikasahau kwamba mjane hasemi mbele ya wazee.

"Litakuja Tabora kwa miguu yake," nikasema. "Na likija kwa miguu yake, je?"

Mzee Nkwabi, baba mdogo wa marehemu, aliwanyamazisha ndugu. Kisha akasema likifika Tabora kwa nguvu zake kabla ya siku ya kuvunja matanga, ni la mjane. Lisipofika, ni la ukoo. Maganga akacheka, akasema basi yeye aanze kupima duka lake. Kicheko kile nilikinywa kama dawa chungu, na ndicho kilichoniendesha njia nzima.

Dodoma hadi Bahi

Usukani uliolegea ni hivi: unazungusha kulia, na gari linaendelea na mambo yake. Unazungusha tena, mara linakumbuka, linakwenda kulia kupita ulivyotaka. Unalirudisha kushoto, linakawia tena. Mafundi huita hali hiyo "mchezo." Mimi sikuona cha kuchezea. Tulikwenda upande kwa upande kama mlevi anayetafuta kwao, mikono yangu ikifanya kazi bila kupumzika, na kila daraja nililikaribia nikimtaja Bikira Maria.

Njia yenyewe ni ile ya babu zetu. Wanyamwezi walipita hapo na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani, wakarudi na nguo na shanga, kwa miguu, hakuna usukani wala breki. Nilijiambia kama wao walifika na mzigo mabegani, mimi niliyekaa kwenye kiti nitashindwaje?

Bahi nilisimama kupoza injini. Nilipoteremka nilikuta kina mama wamejipanga mstari mlangoni, watoto migongoni, wakinisalimu kwa heshima kubwa mno. Nikadhani Wagogo wa Bahi ni wakarimu kupita kiasi. Kumbe walipoona mapazia meupe waliamini ni gari la chanjo. Niliwaeleza kwamba mimi ni mjane tu, ninakwenda kwetu. Hawakuamini. Mama mmoja aliniambia niache uchoyo wa dawa, dawa ni za taifa. Mwisho niliwakaribisha waingie wajionee. Waliingia wote, wakakikagua kitanda, wakafungua kabati, wakala viazi vyangu vikavu vyote, matobolwa yangu ya safari, na walipotoka walisema nyumba nzuri, ila ni ndogo.

Kilimatinde

Kupanda ule mlima wa Kilimatinde gari lilichemka mara nyingi, na juu kabisa nikalizima na kulala kivulini. Nilipoamka nilisikia mtu anakoroma ndani ya nyumba yangu.

Juu ya kitanda, upande wa marehemu, alikuwa amelala mwanamke wa makamo, mnene, kanga mbili, miguu yenye vumbi juu ya shuka langu. Kuku wangu wa pekee, niliyepewa na jirani Dodoma, alikuwa kwapani mwake.

"We mama! Toka!" nikapiga kelele.

Akafumbua jicho moja. "Mbukwenyi," akasalimu Kigogo, bila haraka. "Mnyamwezi wewe?"

"Ndiyo. Toka kitandani kwa mume wangu!"

"Mume yuko wapi?"

"Amekufa!"

Akaketi. Nilitegemea ataomba radhi, atanipa pole. Badala yake alipiga makofi na kuangua kicheko. "Amekufa! Mbeba mizigo amekufa! Amekwepa hongo yangu ya njia, mjanja huyu! Babu zake walilipa kwa kila kisima walichokunywa huku Ugogo, na huyu kapita miaka yote na nyumba juu ya magurudumu, kisha anakufa kimya kimya?"

Nikashika mwiko. Wallahi ningempiga. Alinyoosha kidole.

"Umemkasirikia mtani? Faini. Kuku huyu ni wangu."

Hapo ndipo akili iliponirudia, nikaona haya. Mnajua wenyewe sisi na Wagogo tu watani tangu enzi za misafara. Mtani ana haki ya kuchukua, na ana haki ya kukutukania maiti wako, na wewe huna haki ya kukasirika. Lakini tangu Lukas azikwe watu walikuwa wakininong'oneza tu, wakiinamisha vichwa, na nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu anayeruhusiwa kucheka. Niliketi chini nikacheka, kicheko kikageuka kilio, na yule mwanamke akaniacha nilie huku akimnyonyoa kuku.

Jina lake Sechelela. Binti yake aliolewa Tabora na alikuwa karibu kujifungua, na mama mtu alikuwa akisubiri usafiri wowote wa kumpeleka. Tulimla kuku kwa ugali wa uwele na mlenda wake. Nilimsimulia habari ya Maganga na mabati.

"Basi nakwenda nawe," akasema. "Nauli sina. Na hongo yangu utanilipa mbele ya safari, sijaamua ni kitu gani."

Itigi

Kutoka Manyoni tulitambaa. Sechelela alikaa kando yangu akiwasimulia wapita njia kupitia dirishani kwamba amemteka Mnyamwezi anampeleka sokoni. Mimi nilikuwa nikipigana na usukani. Mchanga ulipozidi usukani ulizunguka bure karibu robo ya mzunguko kabla magurudumu hayajasikia, na mara moja tulipishana na lori la mkaa kwa nafasi ya unyoya.

Itigi kulikuwa na fundi mwenye gereji chini ya paa la nyasi, kijana nadhifu, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Alishika usukani akautikisa, akatabasamu.

"Boksi ya usukani, mama. Meno ya ndani yamelika. Juu yake kuna skrubu, naikaza, mchezo kwisha."

"Umeangalia chini?" nikamwuliza. "Marehemu alikuwa akisema usikaze kitu kabla hujaona kinachotikisika."

"Mama, kaa pembeni upumzike."

Nilibishana naye mpaka watu wakajaa. Alisema yeye amefanya kazi Morogoro. Nikamwambia mimi nimefanya kazi ndani ya gari hili hili tangu nywele zangu zote zilipokuwa nyeusi. Lakini Sechelela aliita chai, nikaenda, na niliporudi skrubu ilikuwa imekwisha kukazwa. Nikashika usukani kwa hasira. Ulikuwa mgumu, imara, kama wa gari jipya. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilimshukuru yule kijana kwa mikono miwili, na tulipoondoka nilikuwa nikiimba.

Tura, shambani

Baada ya Itigi ni kichaka tu, kichaka kisichokwisha, kisha inafunguka nchi yetu, miombo na vichuguu na harufu ya asali. Moyo ulitulia. Sechelela alisema pananuka wapagazi.

Karibu na Tura barabara inapinda kushoto. Nilikata kushoto vizuri. Tatizo lilikuwa kunyoosha. Wenye magari wanajua kwamba ukimaliza kona, usukani huteleza wenyewe mikononi na kurudi katikati. Wangu haukurudi. Ile skrubu ilikuwa imebana boksi kiasi kwamba usukani uliganda pale nilipouacha. Nilipouvuta kwa nguvu zote, gari likaruka upande wa pili, likapita mtaro, likaingia kwenye mtama uliokomaa na kuulaza chini mpaka lilipochoka.

Suke moja lilikuwa limeingia dirishani na kumkalia Sechelela mapajani.

"Tumefika?" akauliza.

Mtama ule, wenzangu, ulikuwa shamba la kijiji. Si la mtu mmoja ambaye ningempigia magoti yakaisha. La kijiji kizima, kijiji kipya cha Ujamaa, na siku ile ndiyo walikuwa wameanza kuvuna. Walitoka mashukeni na visu mikononi, na mbele yao mgambo mmoja na mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu mwenye koti la kahawia.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti," nikasema. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini siku ile ningemwamkia hata mgambo.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni gari."

Akachungulia. Akaona kitanda, kabati, sufuria. "Hii ni nyumba."

"Ni gari lenye nyumba."

"Mama, hapa watu wametoka walikozaliwa, wamekuja kujenga mstarini. Nyumba ikiwa nje ya mstari mimi ndiye ninayeulizwa. Na wewe umeileta yako katikati ya mtama?" Akawageukia watu. "Ndugu zangu, hii iende wapi?"

"Mstarini!" wakaitikia.

Nilidhani wanatania. Waliunganisha jozi mbili za ng'ombe wa kulimia, wakafunga mnyororo, wakalivuta gari langu kutoka shambani, wakalipitisha mbele ya kijiji kizima na kuliweka kwenye nafasi iliyokuwa wazi, mlango ukitazama barabara kama milango mingine. Mgambo akaja na kopo la rangi nyeusi. Kabla sijafungua kinywa alikuwa amekwisha kuandika ubavuni: NYUMBA Na. 63.

"Sasa uko mstarini," mwenyekiti akasema, na uso wake ulikuwa umelegea kidogo. "Mkazi wa kijiji huvuna shamba la kijiji. Ulioulaza chini utauokota wewe, suke kwa suke. Tukimaliza shamba tutazungumza habari ya kuondoka."

"Ndugu mwenyekiti, nina siku ya kufika Tabora. Nisipofika wananinyang'anya hii hii nyumba."

"Kila aliye hapa alikuwa na mahali pa kufika, mama."

Nyumba ya sitini na mbili, jirani yangu, ilikuwa haijaezekwa. Bibi mmoja alikuwa amekaa ndani ya kuta nne zisizo na paa, kando ya mlango wa mti mzito, mkuukuu, wenye nakshi za zamani. Aliniambia mlango ule ndio kitu pekee alichoweza kubeba kutoka kwao. Akaliangalia gari langu.

"Una bahati, mwanangu," akasema. "Yako imekufuata."

Tura, chini ya gari

Nilivuna. Nilivuna kwa hasira, na naomba mniamini, hasira inavuna vizuri kuliko nguvu. Sechelela, ambaye hakuna aliyemwita mkazi, alikaa kivulini akiwatukana Wanyamwezi wote wa kijiji kwa uvivu, mmoja mmoja kwa jina, na wao wakavuna mbio kwa kucheka. Nadhani shamba lile halikuwahi kwisha upesi namna ile.

Siku zilikuwa zinakwenda, na kichwani nilimsikia Maganga akipima duka. Ikifika mchana, wengine wakipumzika, mimi nilikuwa nikiingia chini ya gari. Kwanza niliirudisha ile skrubu ya boksi mpaka usukani ukawa mwepesi. Na ule mchezo wa zamani ukarudi vile vile, kama mgeni aliyekwenda msalani tu. Basi skrubu haikuwa na kosa. Nikamwita Sechelela.

"Kaa kwenye usukani. Zungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Usiache mpaka niseme."

"Mgogo anamfanyia kazi Mnyamwezi! Babu yangu atafufuka."

"Zungusha!"

Nililala chali, kanga kichwani, mafuta usoni, nikaangalia kiungo baada ya kiungo. Fimbo za magurudumu hazikuwa na nafasi. Nilishika kila ncha kwa mkono, imara. Nikafuata juu, juu zaidi, mpaka kwenye boksi yenyewe ilipofungwa kwenye chuma cha fremu. Sechelela akazungusha kulia. Boksi nzima ikainuka, ikaegemea upande. Akazungusha kushoto, ikaegemea upande wa pili. Magurudumu yalikuwa hayajajongea hata kidogo.

"Tena!" nikasema.

Ikaegemea tena. Boksi ilikuwa inacheza pale pale ilipofungwa. Boliti zilikuwa zimelegea miaka mingi, na kwa kutikisika zimeyala matundu ya fremu, yamekuwa marefu kama yai. Kila tulipozungusha usukani, nguvu iliishia kuisukuma boksi badala ya magurudumu. Lukas, pamoja na msemo wake ule, alikuwa akiikaza skrubu ile ile kila mwaka, kisha anairudisha. Nililala pale chini nikamwambia kwa sauti, "Baba, ilikuwa hapa." Machozi yalinitoka yakaingia masikioni. Nililia kwa sababu hakuwepo nimcheke.

"Umekufa huko?" Sechelela akauliza.

"Bado!"

Kukaza boliti hakungesaidia, maana tundu likishaliwa boliti haina pa kushika. Kijijini kulikuwa na mhunzi, naye alikuwa nasi shambani. Nilimweleza ninachotaka: vipande viwili vya chuma bapa, kila kimoja na matundu ya duara yanayoibana boliti, kimoja nje ya fremu na kimoja ndani, ili boliti zishikwe na vipande hivyo badala ya yale matundu mabovu.

"Chuma bapa ninacho cha majembe yaliyokwisha," akasema. "Lakini siwashi moto mtama ukiwa shambani. Ndiyo ahadi yetu hapa, hata mwenyekiti nilimkatalia."

Basi tukauvuna mtama wote. Suke la mwisho nililikata mimi, wakapiga vigelegele, na jioni ile ile mivukuto ilianza kupuliza. Asubuhi alinikabidhi vipande viwili vya jembe, vimetobolewa vizuri. Nilivifunga mwenyewe. Nilikaza kila boliti mpaka spana ikaniachia alama kiganjani, nikaongeza nati ya pili juu ya kila moja ili isirudi nyuma. Nikaketi kwenye kiti. Nikagusa usukani kidogo, kwa kidole.

Magurudumu yakaitika.

Mwenyekiti alitaka mgambo afute ile namba. Nikamwambia aiache. Bibi wa sitini na mbili alinipa kibuyu cha asali, na nilipoondoka nilimwona kwenye kioo, amesimama mlangoni kwake bila paa, akinipungia.

Tabora

Kutoka Tura, kupita Kigwa, mpaka kwenye miembe ya mjini, niliendesha kwa mkono mmoja. Nilifanya makusudi. Nilipitia mbele ya stesheni, nikapitia sokoni, nikapiga honi mbele ya duka la Maganga lisilo na paa, kisha nikaingia uani kwa Mzee Nkwabi. Ndugu walikuwa wamejaa. Matanga yalikuwa yavunjwe kesho yake.

Maganga alilizunguka gari. Alipofika upande wa kushoto akasimama, na nikaona tabasamu linamwanza.

"Namba hii ni ya nini, shemeji?"

Ningeweza kudanganya. Sikutaka kuipata nyumba yangu kwa uongo. Nikasimulia yote, na shamba, na mstari, na ng'ombe.

"Ng'ombe!" Akawageukia wazee. "Mmesikia kwa kinywa chake. Limevutwa na ng'ombe. Masharti yalikuwa lifike kwa nguvu zake."

"Lilivutwa kutoka shambani mpaka mstarini," nikasema. "Kutoka Tura mpaka hapa nimeliendesha mimi, na usukani nimeutengeneza mimi. Shika uone!"

"Kuvutwa ni kuvutwa."

Wazee walinong'onezana. Mzee Nkwabi alikuna kidevu. Nilimjua, ni mtu wa haki, na mtu wa haki hushika neno kama lilivyosemwa. Niliona anainua kichwa aseme, na nilijua atasema nini.

Hapo mlango wa gari ukabamizwa. Sechelela alikuwa amepanda kwenye kiti cha dereva. Alivua kanga yake ya juu, akaifunga kwenye usukani, mafundo matatu, akatoa kichwa dirishani.

"Enyi wapagazi!" akapaza sauti. "Nani amekufa hapa? Lukas? Lukas amepita Ugogo miaka yote hajalipa hongo! Mmemzika bila kuniita, mmelia bila kuniita, na sasa mnagawana vitu vyake mimi nikiwa sijapewa changu? Nimechukua. Hili ndilo hongo yangu."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mabibi waliokuwa wamejiinamia tangu asubuhi waliinuka na kupiga vigelegele. Maganga peke yake hakucheka.

"Mtani, shuka," akasema. "Tutakupa mbuzi."

"Mbuzi nitamla. Gari nitalipanda."

"Hili ni jambo la ukoo!"

"Ee! Amekasirika!" Sechelela akapiga makofi. "Mmemwona? Amemkasirikia mtani matangani! Faini juu ya faini!"

Watu wakageuka kumtazama Maganga, na hapo ilibidi acheke. Alicheka kama mtu anayemeza mfupa. Mzee Nkwabi akainua mkono.

"Tungeweza kubishana habari ya ng'ombe," akasema. "Lakini alichochukua mtani kwenye msiba hakirudi. Mimi sikuanza desturi hiyo na sitaivunja. Gari ni la Mgogo."

Ndiyo, gari halikuwa la Maganga tena. Lakini halikuwa langu pia. Nilimtazama Sechelela pale juu, na kwa muda mfupi nilimwogopa.

Alinitazama kwa jicho lile lile moja la Kilimatinde.

"Tatizo," akasema, "sijui kuendesha. Nahitaji mtu wa kulala humo alilinde, alitie mafuta, atunze usukani usilegee. Mpaka nitakapolihitaji. Nani anaweza? Huyu mjane ni Mnyamwezi, lakini ndiye niliyemzoea."

Akashuka, akanisukuma nikakae kwenye kiti. Kanga aliiacha pale pale kwenye usukani.

Binti yake alijifungua salama wiki ile, hapa hapa Kitete, mtoto wa kike, na ni mimi niliyemleta nyumbani kutoka hospitali. Sechelela alikaa mpaka alipochoka na chakula chetu, kisha akasema anarudi kwa treni, maana gari lake halina adabu. Nilimpeleka stesheni. Tulikaa kwenye benchi tukila karanga, na watani tukikosa cha kutukanana ni jambo zito.

"Kabula," akasema treni ilipopiga honi. "Siku nikifa, utakuja kunicheka?"

"Nitakuja. Nitakuja na gari lako."

"Basi kaza hizo boliti," akasema, akapanda.